Safari ya makasia na watoto: Wekeni kwanza siku ya akiba

Jaketi la kuokolea lilikuwa limempanda kitinda mimba wetu hadi masikioni.

Tulikuwa katikati ya maji, mitumbwi miwili, upepo ukitupiga ubavuni. Mbele alikuwa baba watoto na watoto wetu wawili wakubwa. Nyuma nilikuwa mimi, mdogo wao wa miaka saba, na kijana mwenyeji aliyekuwa akituongoza. Mdogo alikuwa amevaa jaketi la mtu mzima kwa sababu ndilo lililokuwepo. Kila wimbi liliporusha maji ndani ya mtumbwi, mtoto alijikunyata, na jaketi likabaki juu yake kama ganda kavu juu ya punje ya kahawa.

Hatukuzama. Tulifika ng'ambo tukiwa tumelowa hadi shingoni, watoto wakitetemeka, na hakuna aliyeongea mpaka tulipomaliza kunywa chai. Usiku ule, watoto walipolala, tuliulizana swali moja: kwa nini tuliingia majini wakati kijana yule alikuwa ameshasema tusubiri?

Jibu lilituaibisha. Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Shule zilikuwa zinafunguliwa na baba watoto alitakiwa kazini Kayanga. Tuliogopa kalenda kuliko tulivyoliogopa ziwa.

Mwaka uliofuata tulirudi kwenye maji yaleyale, na safari hiyo ilikwenda vizuri. Haikuwa kwa sababu tulikuwa tumenunua vifaa vya gharama. Tulikuwa tumepanga tofauti. Likizo ya Juni ikikaribia, na kwa kuwa wazazi kadhaa wa hapa Karagwe na kule Kyerwa wameniuliza tulifanyaje, nayaandika hapa.

Sisi wa milimani na maji

Watoto wetu wengi hukua wakiyaona maji kwa mbali. Mto Kagera unaonekana kutoka vilimani kama utepe wa fedha, lakini ni mtoto mmoja mmoja sana anayejua kuogelea. Wazazi nao tuna sababu ya kuogopa. Mkoa huu haujasahau Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Wala hatujasahau Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la Ukara na kuua watu zaidi ya mia mbili.

Ukizitazama ajali hizo mbili kama mzazi, unapata mafunzo mawili. La kwanza, chombo hakijali una haraka kiasi gani, kikizidiwa, kimezidiwa. La pili, kuwa karibu na nchi kavu si kuwa salama kama hujui la kufanya ukiwa ndani ya maji.

Lakini hofu peke yake haimfundishi mtoto kitu. Mtoto aliyekatazwa maji miaka yote ndiye anayeenda kujaribu siku moja akiwa na wenzake, bila jaketi na bila mtu mzima. Ni afadhali ajifunze ukiwa naye.

Chagueni maji kabla ya kuchagua chombo

Watu wengi huanza kwa kuuliza kayaki inapatikana wapi. Swali la kwanza liwe: maji yapi?

Mto Kagera, ulio karibu nasi kuliko yote, haumfai anayeanza. Una mkondo, una viboko na mamba, na kwa sehemu kubwa ni mpaka wa nchi. Sehemu ya kingo zake ipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa. Ziwa Burigi nalo liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Hifadhi hizo, pamoja na ile ya Rumanyika-Karagwe, zilitangazwa mwaka 2019. Huko unakwenda kuangalia wanyama kwa utaratibu wa hifadhi na ukiwa na askari wake. Si mahali pa kumfundishia mtoto kushika kasia.

Ziwa Victoria pale Bukoba linavutia, na wapo wanaotamani kupiga kasia hadi kisiwa cha Musira kinachoonekana kutoka ufukweni. Mimi sishauri familia ianzie pale. Kilomita za mraba zaidi ya 68,000 ni bahari kwa jina jingine; upepo unapata nafasi ndefu ya kujenga mawimbi. Upande wetu wa magharibi una tabia yake pia. Mawingu ya radi hujengeka usiku juu ya ziwa, kisha husukumwa na upepo wa mashariki na kutufikia alfajiri na asubuhi. Ndiyo maana mvua ya Bukoba hupenda kupiga asubuhi, saa zilezile ambazo kwingine huambiwa ndizo za utulivu. Halafu kuna kichocho, ambacho hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono, yaani pale pale watoto wanapopenda kucheza.

Sisi tulichagua Ziwa Bunyonyi, nje kidogo ya mji wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Sababu zake ni hizi. Halina viboko wala mamba. Kwa miaka mingi limejulikana kuwa ziwa ambalo watu huogelea bila hofu ya kichocho. Ni jembamba na lina visiwa 29, hivyo karibu kila mara una nchi kavu ya kukimbilia na kilima cha kukukinga upepo. Kambi za mahema na vibanda zipo kando ya maji na kwenye visiwa, na wageni wasiojua kitu hufundishwa pale kila wiki.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa huku wataielewa haraka. Wenyeji wanaongea Rukiga, na Mnyambo akisikiliza vizuri hapotei. Jina la ziwa lenyewe linatokana na ndege wadogo, na watoto wetu, wanaoita ndege enyonyi nyumbani, walilitegua siku ya kwanza bila msaada. Ni jambo zuri mtoto kugundua kwamba lugha ya bibi yake inavuka mpaka.

Onyo moja. Bunyonyi ni bonde lililozibwa na lava zamani, kisha likajaa maji. Kingo zake zinashuka ghafla. Hakuna sehemu ndefu ya maji ya magotini kama ufukweni Bukoba. Hatua chache tu na umekosa pa kukanyaga. Lipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yana ubaridi na usiku ni baridi kweli.

Njia na karatasi

Kutoka Kayanga tulipitia Omurushaka na Nkwenda hadi Murongo, tukavuka daraja la Mto Kagera na kuingia Kikagati. Kutoka hapo ni barabara ya Isingiro hadi Mbarara, kilomita zipatazo 70, halafu Ntungamo na Kabale. Kutoka Kabale mjini hadi ziwani ni kilomita chache za kupanda na kushuka kilima. Ni safari ya siku nzima. Msipange kuingia majini siku hiyo.

Kila mtu, hata mtoto, awe na hati ya kusafiria, iwe pasipoti au hati ya dharura kutoka Uhamiaji. Beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Mzazi mmoja akisafiri bila mwenzake, achukue barua ya ridhaa ya mwenzake. Hakikisheni kila mmoja ana kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huanza kutambulika siku kumi baada ya chanjo, hivyo asiyechanjwa akienda zahanati siku moja kabla ya safari amechelewa.

Kalenda: siku tano, mbili za kupiga kasia

Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Tulikuwa na siku nne na tukazijaza zote: kwenda, kisiwa cha kwanza, kisiwa cha pili, kurudi. Ilikuwa ratiba nzuri kwenye karatasi. Haikuwa na nafasi ya upepo.

Ratiba ya pili ilikuwa hivi:

Siku ya kwanza: Barabara. Kufika kambini, kula, kulala.

Siku ya pili: Shule. Kujifunza kwenye ghuba iliyo mbele ya kambi bila mzigo wowote. Hakuna kwenda popote.

Siku ya tatu: Safari fupi ya asubuhi kwenda kisiwani, kulala huko.

Siku ya nne: Kurudi kambini, au kukaa.

Siku ya tano: Akiba. Kama jana mlirudi salama, hii ni ya kupumzika na kuanza barabara taratibu. Kama jana upepo ulikataa, mnarudi leo.

Na baada ya hapo tulibakiza siku mbili nyumbani kabla shule hazijafunguliwa.

Siku ya akiba ina gharama. Ni usiku mmoja zaidi wa kulipia kambi, chakula cha siku moja zaidi, na siku moja zaidi ya likizo ya kuomba kazini. Wazazi wengi wakifika hapo huikata ili bajeti itoshe. Nawaomba mkate kitu kingine. Kateni kisiwa cha pili. Kateni soda. Hata mkilazimika kuazima hema badala ya kununua, azimeni, lakini siku ya akiba ibaki. Anayetakiwa kufika mahali fulani kesho kutwa huliona wimbi dogo kuliko lilivyo.

Kwa umbali, kumbukeni kwamba anayeanza, akiwa na mtoto na mzigo, hupiga kasia kilomita mbili hadi tatu kwa saa, na akichoka hupungua. Saa mbili majini kwa siku zinatosha kabisa. Urefu wa safari upimwe kwa nguvu za mtu dhaifu kuliko wote ndani ya mtumbwi. Kwetu alikuwa wa miaka saba, na siku nyingine, nakiri, nilikuwa mimi.

Kuhusu msimu, Juni na Julai ni kiangazi cha maeneo yale. Likizo ya Desemba inaangukia mvua au mkia wake, na mahema yaliyolowa siku tatu mfululizo huwafanya watoto waichukie safari maisha yao yote.

Siku ya shule

Bunyonyi kuna vyombo vya aina mbili. Kambi kadhaa zina kayaki za plastiki, ambazo mtu hukaa chini na kutumia kasia lenye mabapa pande zote mbili. Na kuna mitumbwi ya asili, iliyochongwa kutoka gogo moja la mkaratusi, ambayo hutumia kasia fupi la upande mmoja. Kayaki ni rahisi kwa anayeanza kuiongoza. Mtumbwi wa gogo hubeba mzigo mwingi, lakini ukiupigia kasia upande mmoja bila kujua kulikunja mwishoni, unazunguka kama pia. Baba watoto alizunguka mara nne mbele ya kambi nzima. Watoto hawajaacha kumkumbusha.

Siku hii ya pili tulifanya mambo manne.

Kwanza, majaketi. Mvalishe mtoto, funga vifungo vyote, halafu shika mabega ya jaketi na uvute juu kwa nguvu. Likipita kidevu, ni kubwa, rudisha. La mtoto mdogo liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kama kambi haina saizi yake, msiende, au leteni lenu kutoka nyumbani. Ulizeni kwa simu kabla ya kulipa chochote, na muwataje watoto kwa kilo zao, kwa sababu majaketi hupimwa kwa uzito wa mtu. Jaketi linavaliwa ukiwa bado nchi kavu na kuvuliwa ukirudi nchi kavu. Mtu mzima naye avae. Mtoto hawezi kukuokoa.

Pili, kuanguka. Karibu na gati, mwenyeji akiwa ndani ya maji, kila mmoja wetu alianguka makusudi akiwa amevaa jaketi. Kitu cha kukumbuka ni kimoja: shika chombo. Mtumbwi uliopinduka bado unaelea na unaonekana kutoka mbali. Kichwa cha mtu hakionekani. Wengi hupotea kwa kuuacha mtumbwi na kujaribu kuogelea kuelekea nchi kavu inayoonekana karibu. Mdogo wetu alilia mara ya kwanza, akacheka mara ya tatu. Kilio hicho nilikitaka kitokee pale gatini na si katikati ya ziwa.

Tatu, kukaa. Hakuna kusimama, hakuna kubadilishana nafasi majini, hakuna kuinama wote upande mmoja kuangalia ndege. Anayetaka kitu anaomba apewe.

Nne, filimbi. Kila mtoto ana ya kwake, imefungwa kwenye jaketi. Mlio mmoja ni nisikilizeni. Milio mitatu ni nahitaji msaada. Anayeichezea ananyang'anywa muda wa kupiga kasia.

Mzigo

Familia za huku hujua kufungasha. Tatizo ni kwamba tunafungasha kama tunaokwenda msibani: kila kitu, na cha ziada. Mtumbwi haupendi hivyo. Vitu vizito, kama maji, chakula na sufuria, viwekwe katikati na chini kabisa. Vyepesi viende mbele na nyuma. Mkishapakia, mtumbwi ukae sawa bila kuinama, na ubaki na ukingo wa kutosha juu ya maji. Ukiona maji yako karibu na ukingo, punguzeni vitu, msipunguze wasiwasi.

Mifuko maalumu isiyopitisha maji ni mizuri lakini ni ghali. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo msiitegemee. Sisi tulitumia ndoo za rangi zilizooshwa vizuri zenye mfuniko wa kubana. Nguo kavu na blanketi ndoo moja, chakula ndoo nyingine, na ndoo hizo zikianguka majini zinaelea. Kila ndoo ilifungwa kwa kamba kwenye mtumbwi.

Orodha yetu fupi ilikuwa hii:

• Jozi moja ya nguo kavu kwa kila mtu, isiyoguswa mpaka jioni.
• Sweta na soksi nzito, na blanketi au mfuko wa kulalia.
• Hema na turubai la kutandika chini.
• Kopo la kuchotea maji yanayoingia mtumbwini, moja kwa kila mtumbwi.
• Kamba ndefu, kisu, kiberiti ndani ya chupa kavu, na tochi mbili.
• Jiko dogo la gesi na sufuria moja kubwa.
• Maji yaliyochemshwa, na vidonge vya kutibu maji.
• Dawa za maumivu, chumvi za kuharisha, bandeji, dawa yoyote anayotumia mtoto, na vyandarua.
• Kofia na mafuta ya kukinga jua. Jua la juu ya maji huunguza hata ngozi yetu.
• Simu mbili zilizojaa chaji, zikiwa ndani ya ndoo. Moja iwe na laini ya Uganda.

Kwa chakula, acheni mkungu wa ndizi nyumbani. Najua inauma. Ndizi ni nzito na hula gesi. Chukueni unga, mchele, dagaa wakavu, karanga za kukaanga, viazi vitamu vilivyochemshwa kwa siku ya kwanza, na maharage ambayo mmeshayachemsha. Baba watoto alibeba kahawa yake ya kutafuna, na kijana mwenyeji alipoionja walikuwa ndugu tayari. Huko ziwani jaribuni kamba wa maji baridi, ambao ni chakula kinachojulikana Bunyonyi.

Nani anasema tuondoke?

Kodisheni mwenyeji wa kuwaongoza, hata kama mnajiona mmejua. Anaujua upepo wa kila kona. Kuna sababu nyingine pia. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kwenye maziwa yetu, msaada wa kwanza ni mtumbwi ulio karibu. Kwa hiyo piteni kwenye maji yanayopitiwa na watu, mkiwa na mtu anayejulikana na watu hao, na msiende na chombo kimoja peke yake.

Asubuhi ya kuondoka tuliweka sheria moja ya familia: mtu yeyote akisema hapana, hatuendi. Mwenyeji akisema hapana, mjadala umefungwa. Mama akisema hapana, hivyo hivyo. Hata mtoto wa miaka saba akisema anaogopa, tunasubiri na tunamsikiliza. Baba watoto aliuliza itakuwaje mtoto akitumia sheria hiyo kukwepa kupiga kasia. Nikamwambia, basi tutakuwa tumepoteza asubuhi moja, na asubuhi tunayo.

Kwa wazazi wengine hili ni gumu. Tumelelewa kwamba baba akishasema safari ni saa moja asubuhi, ni saa moja. Lakini majini heshima ya baba haipungui akisema tusubiri. Watoto wanajifunza kutoka kwake kwamba mtu mzima anaweza kubadili uamuzi, na siku moja watakuwa na marafiki wanaowaita kwenye maji, kwenye pikipiki au kwenye jambo jingine, na watajua kwamba neno hapana lipo.

Dalili za kusubiri ni hizi: mawimbi yenye povu jeupe, wingu jeusi linalokua, ngurumo ya radi hata ya mbali, ukungu unaoficha ng'ambo, au wenyeji wenyewe wamevuta mitumbwi yao juu. Bunyonyi asubuhi mara nyingi huwa shwari na upepo huamka mchana. Ondokeni saa moja au saa mbili asubuhi, muwe mmefika kabla ya saa tano. Fuateni kingo. Pa kuvuka pawe pafupi kuliko pote, na mvuke mkiwa pamoja.

Visiwa vina ya kusimulia

Jioni kambini ni ndefu, na visiwa vya Bunyonyi vinatoa mazungumzo. Kisiwa cha Bwama kiliwahi kuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma, yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na daktari mmisionari Mwingereza, Leonard Sharp. Leo kuna shule, na wapo wanafunzi wanaokwenda darasani kwa mtumbwi. Watoto wetu waliwaangalia wenzao wa umri wao wakipiga kasia bila kuzunguka, wakanyamaza kimya.

Akampene ni kisiwa kidogo chenye nyasi na mti au miwili. Zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walipelekwa pale na kuachwa. Wengine walikufa kwa njaa au wakijaribu kuogelea. Wengine walichukuliwa na wanaume maskini wasio na ng'ombe wa mahari. Binti yetu wa miaka kumi na nne aliuliza: na wavulana waliowapa mimba walipelekwa kisiwa gani? Sikuwa na jibu. Baba yake naye hakuwa nalo. Lakini tulizungumza usiku ule mambo ambayo sebuleni Kayanga tungeyazunguka mwaka mzima.

Karatasi ya kuacha nyumbani

Kabla ya kuondoka, andikeni karatasi moja na mmwachie mtu anayeaminika, awe shangazi, jirani au mwalimu. Iwe na majina ya wote, jina na simu ya kambi, jina na simu ya mwenyeji, mnakolala kila usiku, rangi ya mitumbwi, na saa ambayo lazima mtakuwa mmepiga simu. Muandike pia afanye nini msipopiga: kwanza ampigie nani, halafu nani. Mkiwa huko, namba ya dharura ya polisi ni 999 au 112, na hapa kwetu ni 112. Siku ya akiba nayo iandikwe, ili mtu asianze kulia kwa sababu mmechelewa siku moja kwa busara.

Mkirudi nyumbani, mtoto akipata homa ndani ya wiki chache, mpelekeni kupima na mmwambie mganga alikuwa ziwani na nchi ya jirani.

Siku tuliyokaa

Mwaka wa pili, asubuhi ya siku ya nne, tuliamka kisiwani tukakuta povu jeupe majini. Mitumbwi ilikuwa imeshapakiwa tangu jioni. Kijana mwenyeji alitazama vilima, akatazama maji, akasema tukae. Nilimwona baba watoto akiangalia saa yake, halafu akaivua na kuiweka mfukoni.

"Tata, hatuendi?" mdogo aliuliza.

"Leo hatuendi," akamjibu. "Leteni sufuria."

Tulikaa kutwa nzima. Binti alipika. Kaka yake wa kati alifundishwa na mwenyeji kulikunja kasia kwenye ghuba iliyokingwa na upepo, mpaka mtumbwi ukaenda moja kwa moja. Baba watoto alilala mchana, kitu ambacho sijamwona akifanya tangu tuoane. Hakuna aliyetuma ujumbe kazini kuomba radhi, kwa sababu siku ile ilikuwa yetu tangu mwanzo.

Kesho yake saa moja asubuhi maji yalikuwa kama kioo. Tulivuka kwa muda usiofika saa moja na nusu. Jaketi la mdogo lilimkaa kifuani, na kidevu chake kilikuwa juu.